Mzigo mkubwa kupita kiasi kutoka bandari ya Mombasa: mwongozo kamili wa kuchagua treila na njia

Lobedi, yaani treila ya sakafu ya chini, imekwama Changamwe, foleni imefika Kibarani, na dreva anapigiwa simu na watu wanne kwa pamoja. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi gari ni zima na dreva anaijua kazi yake. Kilichoharibika ni mpangilio: treila ilikodiwa kwa sababu ilikuwa karibu na bei ilipendeza, halafu ndipo njia ikaanza kutafutwa.

Kazi hii hufanywa kinyume chake. Unatafuta kwanza mahali pabaya zaidi njiani, kisha unarudi nyuma kutoka hapo mpaka kwenye treila inayoweza kupapita. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu huo, na ukiruka moja utailipia kwenye inayofuata.

Mwongozo unahusu mzigo mmoja usiogawanyika: ekskaveta, transfoma, boila, tangi, mhimili mrefu wa chuma, panga la mtambo wa upepo. Mzigo unaoweza kugawanywa safari mbili ugawanye. Kibali cha kuzidisha uzito hakikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuokoa dizeli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Utepe wa kupimia wa mita 30, na kipimo cha leza kama kipo
- Mti wa kupimia kimo unaorefuka hadi mita 6, wa plastiki ngumu au faibaglasi. Usitumie chuma wala mwanzi mbichi, kwa sababu utapita chini ya nyaya za stima
- Kamba nyembamba isiyonyumbuka ya mita 12
- Mchoro wa mzigo kutoka kwa mtengenezaji, unaoonyesha uzito, kitovu cha uzito na sehemu za kufungia
- Karatasi ya treila na ya kichwa (gari linalovuta treila): uzito vikiwa vitupu, umbali kati ya ekseli, kimo cha sakafu
- Simu yenye ramani na kamera
- Daftari. Simu huzima chaji mahali ambapo kipimo kinahitajika

Watu ni watatu: dreva atakayeendesha siku yenyewe, mtu wa kupima na mtu wa kuandika. Kumwacha dreva ofisini halafu kumkabidhi ramani siku ya safari ni kosa la kwanza na ndilo la kawaida zaidi.

## Hatua ya 1: Pima mzigo wenyewe, usiamini karatasi peke yake

Orodha ya mizigo inayotoka kwa muuzaji mara nyingi huonyesha mashine ilivyo kiwandani. Bandarini inakuja ikiwa juu ya magogo, ndani ya fremu, au na vipini vya kunyanyulia vilivyochomoza. Magogo peke yake yanaweza kuongeza sentimita 15 hadi 30 za kimo, na sentimita hizo ndizo zitakazokamata waya.

Pima vitu vitano:

Kimo, kuanzia chini ya magogo hadi ncha ya juu kabisa, ikiwemo antena, bomba la moshi na taa.

Upana, kwenye sehemu iliyochomoza zaidi. Kwa ekskaveta ni minyororo yake ya kutembelea, si kibanda cha dreva.

Urefu, mkono ukiwa umekunjwa kama utakavyosafiri.

Uzito. Uliza kama ni wa mashine pekee au pamoja na vifungashio. Kwa transfoma uliza pia kama mafuta yametolewa. Transfoma kubwa husafirishwa bila mafuta, ikiwa imejazwa hewa kavu au naitrojeni, na tofauti ya uzito ni kubwa.

Kitovu cha uzito. Kwenye transfoma na mitambo ya kiwandani huwa kimechorwa pembeni kwa alama ya duara lenye msalaba. Usidhani kiko katikati. Kwa ekskaveta kiko nyuma ya kibanda, kwa sababu ya lile pande kubwa la chuma linalousawazisha mkono.

Mzigo ukiwa na kifaa cha kurekodi mishtuko, kipige picha kabla haujagusa treila yako. Mshtuko uliotokea melini usije ukaandikwa kwa jina lako.

*Umefaulu ikiwa* unazo namba tano zilizoandikwa na mtu aliyesimama kando ya mzigo, na unajua zipi zimetofautiana na karatasi.

## Hatua ya 2: Uliza gati kabla ya kuuliza barabara

Njia inaanza pale meli inapofunga. Magati ya zamani ya upande wa Shimanzi yako kisiwani, kwa hiyo mzigo ulioshuka huko lazima uvuke Makupa, upite Kibarani, ndipo uguse Changamwe. Mzigo ulioshuka upande wa Kipevu tayari uko bara, na kuna barabara ya kiungo inayotoka kwenye kituo cha pili cha makontena hadi Miritini bila kuingia Changamwe. Mizigo miwili yenye vipimo sawa inaweza kuhitaji treila tofauti kwa sababu hii tu.

Baada ya hapo chagua mwelekeo:

Bara, kuelekea Nairobi na Malaba. Miritini, Mazeras, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, Mlolongo. Ni karibu kilomita 480 hadi Nairobi, na unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Kupanda kunaanza mapema: ukitoka Miritini kwenda Mazeras gari linakuwa limeshaanza kuvuta.

Kusini, kuelekea Kwale na Lunga Lunga. Tumia barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini, inavuka Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga. Feri ya Likoni iondoe kwenye mawazo. Ngazi ya feri hupanda na kushuka kwa maji, na lobedi ndefu yenye tumbo la chini itakwaruza.

Kaskazini, kuelekea Kilifi na Malindi. Wengi hukimbilia daraja la Nyali kwa mazoea. Pima kwanza njia ya Mariakani–Kaloleni–Mavueni. Inazunguka, lakini inakuepusha na kisiwa, Nyali, Bamburi na Mtwapa kwa pamoja. Kona zake ndizo za kuangaliwa, kwa hiyo kwa mzigo mrefu sana huenda isifae, ila kwa mzigo mpana inafaa.

Taveta na Tanzania. Kata Voi, pitia Mwatate hadi Taveta.

Andika njia mbili, hata kama ya pili huipendi. Mvua moja kubwa au kazi ya ujenzi inaweza kuifunga ya kwanza siku mzigo umeshapakiwa.

## Hatua ya 3: Ipime njia kwa miguu na kwa mti

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ramani ya simu haina kimo cha waya, na kibao kilichobandikwa darajani kinaweza kuwa cha kabla lami haijaongezwa. Kila tabaka jipya la lami hupunguza nafasi chini ya daraja, na kibao kinabaki kikisema namba ileile.

### Vimo

Simamisha mti nyuma ya pikapu, endesha polepole, na uandike kila kizuizi: waya wa stima, waya wa simu, daraja la waenda kwa miguu, daraja la reli, bango, tawi la mwembe. Andika kilomita, kimo, na ni cha nani.

Pima nyaya kati ya saa sita na saa tisa mchana. Waya ukipata joto hurefuka na kulegea. Waya uliopimwa asubuhi ukiwa umekaza unaweza kushuka mchana, na mzigo wako utapita mchana.

Chini ya waya wa umeme mkubwa usipandishe mti kabisa. Tumia leza, au waachie wenye nyaya. Umeme mkubwa hausubiri kuguswa, huruka.

Kizuizi cha chini kuliko vyote kiite kimo cha njia. Namba hii moja ndiyo itakayochagua treila.

### Kona na mizunguko

Magurudumu ya nyuma ya treila hayafuati ya mbele, hukata ndani. Kuna hesabu ya mkono ya kujua kiasi gani. Chukua kipenyo nusu cha kona kinachofuatwa na kingipini (pini inayounganisha treila na kichwa), zidisha kwa chenyewe. Toa umbali kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli za treila uliozidishwa kwa wenyewe. Tafuta kipeuo cha pili. Kisha toa jibu kutoka kwenye kipenyo nusu.

Mfano: kona ya mita 15, treila yenye mita 10 kutoka kingipini hadi ekseli. 225 toa 100 ni 125, kipeuo chake ni karibu 11.2. Magurudumu ya nyuma yatakata ndani kwa karibu mita 3.8 kona ikikamilika. Refusha treila hiyo hadi mita 12 na ukataji unafika mita 6. Mita mbili za treila zimekugharimu zaidi ya mita mbili za barabara. Watu husahau hesabu hii, kisha wanashangaa kwa nini nguzo ya taa imelala.

Kwenye kila kona nyembamba chora hali hii chini kwa chaki: njia ya kichwa, njia ya ekseli za nyuma, na njia ya mkia wa mzigo unaochomoza, ambao wenyewe hupepea kuelekea nje. Kitakachoguswa kiorodheshwe, iwe ni kibao, ukingo wa mzunguko au kibanda cha muuza mahamri.

### Matuta na vilele

Lobedi ina tumbo. Kwenye tuta kali, reli ya zamani au mdomo wa kiwanda, magurudumu ya mbele na ya nyuma hubaki chini huku tuta likigusa katikati.

Pima hivi: watu wawili washike kamba kwa urefu unaolingana na umbali kati ya magurudumu ya nyuma ya kichwa na ya kwanza ya treila, kila mmoja akiishika mita 1 kutoka ardhini. Kamba ikazwe. Pima kutoka kileleni mwa tuta hadi kwenye kamba. Ukipata sentimita 70, tuta limeinuka sentimita 30. Kama tumbo la lobedi lina sentimita 35 kutoka ardhini, umebakiwa na 5, na hizo zitaliwa na springi pamoja na tairi zikibanwa na uzito. Dai angalau 15. Zisipopatikana, panga mbao za kupandia kabla na baada ya tuta, au tafuta treila ya haidroli inayojiinua.

### Madaraja

Usiamue mwenyewe kama daraja litabeba. Kazi yako ni kuandika kila daraja na kalavati, liko kilomita ngapi na lina upana gani kati ya kingo, ili mamlaka ya barabara ilinganishe na mchoro wako wa ekseli.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kujibu maswali matatu bila kufungua daftari: kimo cha njia ni ngapi, kona mbaya zaidi iko wapi, na tuta baya zaidi ni lipi.

## Hatua ya 4: Sasa chagua treila

Chukua kimo cha njia. Toa sentimita 15 za usalama. Toa kimo cha mzigo. Kinachobaki ndicho kimo cha juu kabisa cha sakafu ya treila.

Tuseme kimo cha njia ni mita 4.55 na ekskaveta ina kimo cha mita 3.4. 4.55 toa 0.15 toa 3.4 inabaki mita 1.0. Sasa linganisha:

| Aina ya treila | Sakafu, takriban | Inafaa kwa |
|---|---|---|
| Fleti ya kawaida | mita 1.5 | mabomba, vyuma, mzigo mfupi wa kimo |
| Ya ngazi, yenye sakafu iliyoshuka | mita 1.1 | mashine za kati, tangi dogo |
| Lobedi | mita 0.9 | ekskaveta, greda, dozari |
| Ya haidroli ya kuunganishwa | hupanda na kushuka | transfoma na mitambo mizito |
| Ya kurefuka | hutofautiana | mapanga, mihimili mirefu |

Fleti imetoka, ya ngazi imetoka kwa sentimita 10, lobedi imebaki. Ubishi wa bei umekwisha. Atakayekuambia "ya ngazi itapita tu, tutatoa pumzi tairi" mwache aende zake. Tairi isiyo na pumzi ya kutosha chini ya tani 25 hupata moto na kupasuka kabla ya Taru.

Kuhusu lobedi, uliza shingo inang'oka au haing'oki. Ikiwa inang'oka, mashine inapanda kutoka mbele kwenye mteremko mdogo. Ikiwa haing'oki inapanda kutoka nyuma, juu ya ekseli, na njia za kupandia lazima ziwe kavu na zenye mbao. Minyororo ya chuma juu ya chuma chenye mafuta ni sabuni.

Kwa mzigo mrefu usidanganywe na neno "inarefuka". Inaporefushwa uwezo wake wa kubeba katikati hupungua, kwa hiyo soma jedwali la mtengenezaji kwa urefu utakaotumia, si ule wa treila ikiwa imefungwa. Mapanga ni mfano mzuri. Mitambo 60 ya upepo ya Kipeto huko Kajiado ina mzunguko wa mita 103, maana yake panga moja ni karibu mita 50. Uzito si tatizo kubwa pale, tatizo ni kona, na ndiyo sababu treila za mapanga huwa na ekseli za nyuma zinazogeuzwa na mtu wa pili.

## Hatua ya 5: Hesabu ekseli, si jumla peke yake

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2013, inahesabu kwa kundi la ekseli na kwa jumla. Namba za kukumbuka ni hizi: ekseli ya usukani tani 8, ekseli pacha tani 18, ekseli tatu tani 24, na gari la ekseli sita jumla tani 50. La ekseli saba linafika 56.

Turudi kwa ekskaveta. Uzito wake ni tani 30, lobedi ya ekseli tatu ni tani 12, kichwa ni tani 9.5. Jumla 51.5. Umezidi kwa tani moja na nusu kabla hujawasha gari.

Usiombe huruma ya mizani. Ng'oa lile pande la chuma la nyuma, tuseme ni tani 5, liende kwa lori jingine. Mzigo umekuwa tani 25, jumla 46.5. Hapa wengi hupumua na kuondoka. Na hapa ndipo mizani ya Mariakani inapowakamata.

Tuseme kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli za treila ni mita 10, na mashine imeegeshwa kitovu chake cha uzito kikiwa mita 5 kutoka kingipini. Uzito unagawanyika nusu kwa nusu: 12.5 mbele, 12.5 nyuma. Ongeza uzito wa lobedi yenyewe, tani 3.5 kwenye kingipini na 8.5 kwenye ekseli. Kingipini sasa kinabeba 16. Kichwa kikiwa kitupu kina tani 5 mbele na 4.5 nyuma, na tuchukulie sehemu moja ya kumi ya kingipini inakwenda mbele.

- Usukani: 5 + 1.6 = 6.6
- Ekseli pacha za kichwa: 4.5 + 14.4 = 18.9
- Ekseli za treila: 12.5 + 8.5 = 21

Jumla iko chini ya 50 kwa tani tatu na nusu, na bado una kosa la karibu tani moja kwenye ekseli pacha.

Rudisha mashine nyuma sentimita 60. Kitovu kiko mita 5.6. Kingipini kinapokea 25 × 4.4 ÷ 10, yaani 11, pamoja na 3.5 ni 14.5.

- Usukani: 6.45
- Ekseli pacha: 4.5 + 13.05 = 17.55
- Ekseli za treila: 14 + 8.5 = 22.5

Kila kundi liko ndani. Hatua moja ya mtu mzima imeondoa kesi. Chora mstari wa rangi kwenye sakafu ya lobedi pale kitovu kinapotakiwa kuwa, ili mwenye kuiendesha mashine asiegeshe kwa kukisia, na usipange hesabu kwa kutegemea msamaha wowote wa mizani.

Pima pia kichwa kama kinaweza kuvuta. Kwa kila asilimia moja ya mwinuko, gari la tani 50 hurudishwa nyuma kwa nguvu ya nusu tani. Mwinuko wa asilimia 6 ni tani 3, na juu yake kuna ukinzani wa tairi. Kichwa kinachovuta kontena bila taabu kinaweza kushindwa kuondoka mlimani kikisimamishwa na trafiki.

*Umefaulu ikiwa* una karatasi moja yenye uzito wa kila kundi la ekseli, na mizani ya kwanza haikuambii jipya.

## Hatua ya 6: Vibali

Ukivuka upana wa mita 2.65, au urefu wa mita 17.4 kwa kichwa na treila yake, hili si gari la kawaida tena na linahitaji kibali. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Barabara za ndani ya mji zina mamlaka yake, kwa hiyo kilomita mbili za mwisho kuelekea kiwandani zinaweza kuhitaji ruhusa tofauti. Ndizo zinazosahaulika.

Peleka mchoro wa gari lote likiwa limepakiwa na umbali wa kila ekseli, uzito wa kila kundi, namba za kichwa na treila, bima, njia zote mbili na orodha ya vizuizi kutoka Hatua ya 3. Ombi lenye orodha hiyo huulizwa maswali machache.

Nyaya zikiwa chini, wasiliana na Kenya Power mapema ili wapange mafundi wa kuzizima au kuziinua. Tanboi mwenye fito si fundi wa stima. Kwa mzigo unaokwenda nje ya nchi kumbuka lakiri ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya mapato. Ifungwe mahali ambapo mnyororo hautaikwaruza.

Angalia bima kwa macho yako. Bima nyingi za mzigo safarini hazihusu mzigo wa vipimo visivyo vya kawaida mpaka ziongezewe kipengele.

Anza yote haya meli ikiwa bado baharini. Gharama za kuhifadhi bandarini hazijali kibali chako kiko meza ya nani.

## Hatua ya 7: Funga

Kanuni ya kufungia: vifungo vizuie nguvu ya mbele sawa na asilimia 80 ya uzito, na asilimia 50 kwa kila upande na nyuma. Kwa tani 25 ni tani 20 mbele, 12.5 pande nyingine.

Mnyororo wa milimita 13 wa daraja la 80 una uwezo wa kufungia wa karibu tani 10, wa milimita 10 ni 6.3. Lakini mnyororo ukiinama nyuzi 30 kwenda chini na nyuzi 30 kwenda pembeni, unabaki na robo tatu tu ya nguvu: tani 7.5. Miwili inayozuia kwenda mbele ni tani 15. Msuguano wa minyororo ya mashine juu ya mbao safi, tukiuweka asilimia 30, unaongeza 7.5. Jumla 22.5, inatosha.

Sasa weka tope na oili badala ya mbao safi. Msuguano unashuka hadi asilimia 10, yaani 2.5, na umepungukiwa. Ndiyo maana kuosha minyororo ya mashine kabla ya kupanda ni sehemu ya kufunga.

Minyororo minne ya kufungia mwili ivutwe kwa msalaba, mmoja wa mkono wa mashine, mmoja wa bakuli. Mishipi ya racheti ni ya vitu vidogo; mashine ya chuma iko kwenye makali na mshipi hukatika makalini. Kibanda kifungwe kisizunguke kwa pini yake.

Weka mbao za alama za rangi kwenye kona zote nne, bendera nyekundu mkiani, taa ya kimulimuli juu ya kichwa.

## Hatua ya 8: Siku ya safari

Safari ni ya mchana. Ondoka bandarini baada ya msongamano wa asubuhi kupungua. Gari la mbele litangulie mita 200 hadi 300 likiwa na mti uliowekwa sentimita 10 juu ya kimo cha mzigo: mti ukigonga, lobedi ina muda wa kusimama. La nyuma lizuie watu wanaotaka kupita kwenye kona. Mawasiliano yawe ya redio. Simu hukata pale inapohitajika.

Simama baada ya kilomita 30 hivi za mwanzo, karibu na Mariakani, ukaze minyororo upya. Mbao zimeshabanwa na kila mnyororo utakuwa umelegea. Gusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Chenye moto kuliko wenzake kina breki inayoburuta au beringi inayokufa. Rudia Voi na Mtito Andei.

Mvua ikianza, simama mahali pa wazi. Upepo mkali ukiupiga mzigo wenye kimo kirefu, simama pia, hata kama kibali kinaisha kesho.

## Hatua ya 9: Ardhi ya kushushia

Mizigo mingine husafiri kilomita 480 salama ikaangukia mita 20 za mwisho. Siku moja kabla, peleka lori la kokoto lililojaa, lipite palepale lobedi itakaposimama na kreni itakapoweka miguu yake. Gurudumu likizama zaidi ya sentimita 5, mwaga mawe na ushindilie, au weka sahani za chuma. Pima lango kwa upana wa mzigo, ukiongeza mkato wa ndani wa ile hesabu ya kona, maana lango huingiwa kwa kugeuka. Na uulize mapema lobedi itatokea wapi ikiwa tupu: mashine ikishashuka mbele yake, mara nyingi ndiyo imeziba njia.